Nge huyu hayumo kitabuni. Je, ni spishi mpya?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nimempiga picha nge asiyefanana na yeyote aliyemo kwenye kitabu changu. Mkia ni mwembamba na magando ni marefu kuliko ya wenzake. Nitajuaje kama ni spishi mpya? Na je, naweza kumpa jina langu?

JIBU: Marahaba. Umenifurahisha, maana hata picha tu yaweza kufika mbali. Mwaka 2022 vijana wawili wa California, Prakrit Jain na Harper Forbes, pamoja na mtaalamu Lauren Esposito, walitangaza spishi mbili mpya: Paruroctonus soda na Paruroctonus conclusus. Safari yao ilianzia kwenye picha za iNaturalist, mtandao ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona, za nge ambao hakuna aliyeweza kuwataja.

Ila magando marefu na mkia mwembamba havinitoshi. Kwa nge wengi, hivyo ndivyo dume anavyotofautiana na jike. Mtazame chini ya tumbo: ana vichanuo viwili anavyopapasia ardhi, na hakuna kiumbe mwingine mwenye navyo. Vya dume kwa kawaida huwa vikubwa na vyenye meno mengi zaidi. Mtu asipochunguza hilo, atatangaza mume na mke kuwa spishi mbili.

Kisha vije vinyweleo vya hisia vilivyoota kwenye magando. Vimesimama kila kimoja kwenye kishimo chake, na mpangilio wake huitambulisha familia, mara nyingine hata spishi. Mfaransa Max Vachon ndiye aliyeviwekea utaratibu wa majina katika miaka ya 1970, nasi tunaufuata hadi leo. Kuvihesabu kwa hadubini kunachosha macho, lakini ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Sehemu nzito ni kulinganisha. Spishi zilizokwisha kuelezwa zinapita 2,700, na baadhi zilielezwa zamani kwa mistari michache tu. Hapo hakuna njia ila kumtafuta nge yuleyule aliyepewa jina mara ya kwanza, aliyehifadhiwa kwenye chupa ya spiriti katika makumbusho fulani. Wako pia atahitaji kuhifadhiwa hivyo: tangu mwaka 2000, jina jipya halikubaliwi bila kutaja kielelezo rasmi, yaani mnyama mwenyewe anayebeba jina hilo. Kuhusu jina lako, wanasayansi hawajiiti wenyewe. Mwachie mwenzako anayeandika maelezo akuenzi akipenda.

Rudi usiku na tochi ya urujuanimno (UV). Nge atang'aa kijani-buluu, isipokuwa aliyetoka kujivua gamba. Usimshike kwa mkono. Mwingize kwa koleo refu kwenye kopo la kioo, umpige picha kutoka chini. Andika aina ya udongo, na kama alikuwa chini ya jiwe au juu ya gome. Usimchukue kabla ya kupata kibali, na mahali penyewe usipatangaze hadharani: P. conclusus anajulikana kwenye ukanda usiofika kilomita 2, na wakusanyaji wachache tu wangeweza kummaliza. Nitumie picha za vichanuo kwanza.