Kwa anayeanza kazi mnarani: jifunze kusikia

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya kuongoza ndege hudhani ugumu wake uko kwenye kuongea. Wanahofia kwamba watababaika huku marubani kadhaa wakisubiri zamu yao kwenye masafa mamoja. Kuongea utazoea, baada ya muda maneno yatatoka yenyewe. Kitakachokudai umakini hadi siku unastaafu ni kusikia. Ninapokaa nyuma ya mwanafunzi, ninachokichunga zaidi ni kile anachofanya baada ya kuachia kitufe cha redio.

Utaratibu mnaujua tangu darasani: unatoa kibali, rubani anakirudia, nawe unahakikisha kwamba alichorudia ndicho ulichosema. Tatizo ni kwamba saa ya pilikapilika, mwanafunzi akishatoa kibali akili yake huhamia kwa ndege inayofuata, na majibu ya rubani yanampita kama redio ya jirani. Umemwambia apande hadi futi 6,000, yeye anarudia 8,000, na wewe unasikia 6,000 kwa sababu ndiyo namba iliyomo kichwani mwako. Si uzembe. Ndivyo akili ya binadamu ilivyo: husikia inachokitarajia, hasa ikichoka au ikiwa na haraka. Kwa hiyo usitegemee nia njema, jiwekee mazoea. Rubani anaporudia, macho yako yawe kwenye kikaratasi cha safari yake, kiwe cha karatasi kweli au cha kwenye skrini, na kalamu au kidole kipite juu ya kila namba anayoitaja. Usianze kupanga neno linalofuata hadi amalize. Na kama kwenye masafa yako kuna safari 416 na 461, waonye marubani wote wawili mapema, maana mmoja anaweza kupokea kibali cha mwenzake na wewe usigundue.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife ulikuwa umefunikwa na ukungu, na mnara haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini. Boeing 747 ya KLM ilianza kukimbia ili iruke bila kibali, wakati Boeing 747 ya Pan Am ingali kwenye njia hiyohiyo ya kurukia. Maneno yaliyotoka KLM yangeweza kueleweka kwamba wako tayari kuruka, au kwamba wameshaanza. Mwongoza ndege akajibu kwa neno la kukubali, akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wasubiri hadi atakapowaita. Wakati huohuo Pan Am nao walikuwa wakisema bado wako njiani. Sauti hizo mbili zikagongana hewani, na kilichofika KLM kikachanganyika na mlio mkali. Watu 583 walikufa.

Nawaomba msilisome tukio hilo kama historia. Kanuni mnazokaririshwa leo zimetoka humo. Unataja kuruka pale tu unapotoa kibali cha kuruka au unapokifuta. Wakati mwingine wowote unatumia neno la kuondoka. Neno la kukubali peke yake halitoshi kuwa jibu la kitu chochote kinachohusu njia ya kurukia. Na ukisikia ule mlio wa kukwaruza, ujue watu wawili wamebonyeza kwa pamoja: kuna ujumbe uliopotea, nao unaweza kuwa ndio uliouhitaji kuliko yote. Sema masafa yalizibwa, na waombe warudie mmojammoja. Sekunde hizo utazipata mahali pengine.

Upande wa pili wa kusikia ni kutopuuza neno usilolielewa. Hapa ndipo naona wageni wakiteleza sana, kwa aibu ya kuonekana hawajui. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2001 katika uwanja wa Linate, Milano, ukungu ulikuwa mzito na rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Ndege ndogo aina ya Cessna Citation iliingia barabara ya ardhini isiyo yake. Rubani wake alitaja alama aliyoikaribia, S4, lakini alama hiyo haikuwa kwenye ramani walizotumia waongoza ndege. Maelekezo yakaendelea kana kwamba ndege iko pale ilipotarajiwa kuwa. Ikaingia kwenye njia ya kurukia mbele ya ndege ya SAS iliyokuwa ikiondoka, na watu 118 wakafa. Rubani akikutajia mahali usipopajua, simamisha ndege hiyo hapohapo na uulize, hata kama utaonekana mgeni mbele ya wote wanaosikiliza.

Kumbukumbu nayo ni dhaifu kuliko unavyodhani. Los Angeles, jioni ya tarehe 1 Februari 1991, ndege ndogo ya SkyWest iliwekwa juu ya njia ya kurukia isubiri. Mwongoza ndege akashughulishwa na ndege nyingine isiyojibu, kisha akairuhusu ndege ya USAir itue juu ya ile iliyokuwa ikisubiri. Walikufa watu 35. Ukiweka ndege au gari juu ya njia ya kurukia, weka papo hapo alama unayoweza kuiona na kuigusa: kikaratasi chekundu, kizuizi kwenye ubao, chochote ambacho kituo chenu kimekubaliana. Kabla ya kutamka kibali cha kutua, tazama ubao, kisha inua macho uitazame njia yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Usitazame upande unaopenda kuutazama tu.

Kuhusu mitambo ya kuzuia ndege kugongana angani, fupi tu. Rubani akikuambia anafuata amri ya mtambo wake, acha kumpa maelekezo ya kupanda au kushuka hadi aseme amemaliza. Karibu na mji wa Überlingen, usiku wa tarehe 1 Julai 2002, rubani mmoja alimfuata mwongoza ndege na mwingine akafuata mtambo, wote wakashuka, ndege zao zikagongana, na watu 71 wakafa. Mwongoza ndege yule alikuwa peke yake, akihudumia sehemu mbili, huku simu kuu zikiwa kwenye matengenezo. Ukiona unaachwa katika hali ya namna hiyo, sema mapema. Msimamizi mzuri hatakudharau kwa kuomba msaada wakati bado unamudu kazi.

Mwisho, kupokezana zamu. Dakika za kwanza baada ya kuketi ni za hatari, kwa kuwa picha nzima imo kichwani mwa anayeondoka. Usivae vipokea sauti na kuanza kazi kwa sababu tu mwenzako amechoka. Simama nyuma yake, sikiliza masafa, linganisha kila kikaratasi na ndege unayoiona nje au kwenye rada. Muulize wazi: nani yuko juu ya njia ya kurukia, nani amepewa kibali cha masharti, yaani cha kutekelezwa baada ya jambo fulani kutokea, gari gani bado liko uwanjani. Baada ya kupokea, mwombe abaki pembeni yako kwa muda. Wengi husahau jambo moja wakati wa kukabidhi, na hulikumbuka wakishasimama na kuvua vipokea sauti.