Vifaa vya kuanzia ufugaji nyuki Gede

Dadangu, umeuliza na hivyo vijisenti ununue nini kwanza hapo shambani Gede. Vazi na bomba la kufukizia nyuki moshi ili watulie, mizinga baadaye. Nyuki wetu wa pwani ni wadogo lakini hasira wanazo! Chukua vazi jeupe lenye wavu wa uso ulioshonewa, glavu ndefu na gambuti. Suruali uichomeke ndani ya gambuti. Mimi siku moja nilisahau, sitaki kukumbuka.

Mizinga, anza na miwili ya vijiti vya juu, yaani sanduku lililofunikwa kwa vijiti ambavyo nyuki huning'iniza masega yao. Fundi seremala wa mtaani ataiunda, ila mpimie mwenyewe: kila kijiti kiwe na upana wa milimita 32. Kikizidi, nyuki hujenga masega mshazari na kukuharibia kazi.

Mashine ya kukamulia asali achana nayo. Masega ya mzinga huu hukatwa, yakapondwa na kuchujwa kwa kitambaa safi. Nyuki pia usinunue: paka nta ndani, ning'iniza mzinga kwa waya uliopakwa grisi kuzuia siafu, halafu subiri. Msitu wa Arabuko-Sokoke si mbali, nyuki watakuja.