Bandama kubwa isiyopatikana mkononi

Habari mkuu. Umesema msimamizi wako aliipapasa bandama ya mgonjwa, ila wewe ukiweka mkono chini ya mbavu za kushoto hupati kitu. Angalia kwanza unapoanzia. Bandama ikivimba sana, kama kwa kichocho cha muda mrefu, hushuka kuelekea nyonga ya kulia. Ukianzia mbavuni, mkono uko juu yake tayari na ukingo huusikii. Mimi huanzia chini kulia, napanda mshazari. Mgonjwa akivuta pumzi mkono utulie, ukingo uje wenyewe ugonge vidole. Akitoa, sogea kidogo. Tumbo likikaza, mwambie akunje magoti, nawe pasha viganja joto. Usibonyeze kwa nguvu hata kidogo, bandama iliyovimba inaweza kupasuka. Panapouma pawe mwisho.