Teremsha apareyi chini kidogo

Wadogo zangu wa inivasite wananiandikiaga juu ya memware, ile kazi ya kumaliza masomo, na swali ni lilelile: dada, haya mambo ya jinsia, ya ufeministi, yanaingia wapi kwenye sayansi, si sayansi ni namba tu? Bon, mimi pia niliwaza hivyo, mpaka siku mama mmoja wa upande wa Bulengo, hapa Goma, aliponisahihisha mbele ya nyumba yake, na maisha yake yote hajashika apareyi ya kupima hewa.

Watu wa Goma mnajua mazuku, ila kwa walio mbali: ni gesi ya kaboni dioksidi (CO2) inatoka kwenye ardhi yetu ya volkano, haina rangi, haina harufu, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa, inajaa mabondeni na kwenye mashimo kama maji, zaidi usiku na alfajiri upepo ukitulia. Hewa ya kawaida iko nayo kama 0.04%, ikipita 10% mtu anazimia na anaweza kufa haraka. Hata wanavolkano wa Ulaya wanaandika "mazuku" hivyohivyo, neno walilikuta kwetu.

Sasa mimi nilifika na apareyi nimeishika kifuani, nikasoma namba, ndogo, nikaandika "hakuna hatari" nikitaka kuhamia kiwanja cha pili. Yule mama alikuwa anatwanga sombe, akaacha mchi, akaniuliza: mwanangu, hiyo mashini yako inalala wapi? Sikuelewa. Akasema mtoto wake analala chini kwenye mkeka, na kuku njo zinakufaga za kwanza, kwa hiyo niko napima pua ya nani? Nikainama, nikashusha apareyi mpaka kwenye mkeka, ikaanza kulia.

Namba yangu ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa, ya mtu mzima aliyesimama. Hakuna aliyedanganya, ila kuna aliyechagua urefu, na aliyechagua alikuwa mimi, bila hata kujua nimechagua kitu. Nilipotaka kuandika hiyo mu memware, mwalimu aliyekuwa ananiongoza akaniambia hiyo ni sosiolojia, toa. Sikutoa, tukagombana miezi miwili, leo naicheka lakini wakati ule nililia.

Na hapa kwetu hatuna haja ya mfano wa mbali. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa 8 mwaka 2018 ilidumu karibu miaka miwili, ikaua zaidi ya watu 2,200, na wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, juu nani analala pembeni ya mgonjwa, nani anamwosha? Chanjo ilikuwepo, lakini mwanzoni wenye mimba na wanaonyonyesha waliwekwa pembeni, eti hakuna data za kutosha kuhusu usalama wao. Data zitatoka wapi kama kila mara tunawatoa? Mwaka 2019 njo walianza kuruhusiwa. Naelewa woga wa madaktari, sikatai, lakini kumwacha mtu bila chanjo katikati ya Ebola nayo ni hatari, isipokuwa hiyo haiandikwi kwenye fomu yoyote. Marekani pia walipitia hapo: dawa ya usingizi ya zolpidem iliuzwa miaka mingi kipimo kimoja kwa wote, mwaka 2013 njo wakashusha cha wanawake kutoka mg 10 mpaka mg 5, maana asubuhi ilikuwa bado imebaki nyingi kwenye damu zao.

Basi ushauri wangu. Mikutano yetu ya kartie tulikuwa tunaifanya saa tatu asubuhi, mama wote wako soko la Kituku, kando ya ziwa, wanauza samaki ao wanachota maji, wanabaki baba wanajaza fomu juu wao ni wakubwa wa nyumba, kiisha tunawauliza mtoto analala upande gani wa chumba na saa ngapi anaamka. Wanajibu tu, hawataki aibu. Nenda saa kumi na moja jioni, kaa kwenye kibao, menya mihogo kama wanamenya. Mwanafalsafa Helen Longino aliandika mwaka 1990 kwamba sayansi inakuwa imara pale mawazo yanapokosolewa na watu wa sehemu mbalimbali, mimi hiyo nilifundishwa na mwenye mchi kabla ya kuisoma.

Ila muwe waangalifu, na hapa najisema mwenyewe. Mwaka uliofuata nilienda nikitafuta kuonyesha kwamba mama wanapata maumivu ya kichwa ya hii gesi kuliko baba, moyo wangu wote ulitaka hiyo, na namba zikakataa, tofauti haikuonekana. Nilikaa na ile tabulo siku tatu nikitafuta namna ya kuikata vizuri, hadi nikaona aibu. Moyo wako ukuchagulie swali, ukupeleke mpaka kwenye mkeka, lakini jibu liandike vile limetoka hata kama linakuudhi.

Siku hizi natembea na fimbo yenye alama tatu, sentimita 10 ya mkeka, 50 ya mtoto anayeanza kusimama, 150 yangu mimi. Motari wangu ananiulizaga kama niko naenda kuchunga mbuzi. Yule mama nilimrudishia majibu, akayasikiliza yote, kisha akaniuliza: na kitanda, nani atakinunua?