Mdogo wangu, kabla hujafungasha kuja Japani

Mdogo wangu ameniuliza swali ambalo wengi wa nyumbani huniuliza tangu tuhamie Nagoya. Mume wake amepata ufadhili wa serikali ya Japani kusomea uzamivu hapa hapa mjini kwetu. Je, aache kazi ya ualimu amfuate na watoto, au abaki nao Morogoro? Mama ameshatoa yake: mke hukaa alipo mumewe. Mimi najibu kwa yale niliyoyaishi, na nayaandika wazi ili na wengine wasome, kwa sababu picha za maua ya sakura tunazotuma kila Aprili zimewapa watu habari nusu.

Pesa kwanza. Ufadhili wa uzamivu ni takriban yen 145,000 kwa mwezi, na hizo ni za mwanafunzi. Hakuna posho ya mke wala ya mtoto, na nauli zenu mtajitafutia. Sisi kodi ya nyumba peke yake inapita yen 60,000, bado umeme, gesi na bima ya afya. Halafu yen yenyewe imeshuka: mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama yen 110, Julai 2024 ikavuka 160. Ukisikia dada hatumi kama zamani, sababu ni hiyo.

Kwa hiyo utafanya kazi, mdogo wangu. Viza ya familia haikuruhusu mpaka uombe kibali uhamiaji, na ukikipata, mwisho wako ni saa 28 kwa wiki. Bila Kijapani hakuna atakayeuliza shahada yako ya ualimu. Kazi inayopatikana kwa watu kama sisi mkoa huu wa Aichi ni ya kiwandani. Mimi nipo kwenye kiwanda cha vyakula vya kufungasha. Chumba chote kinawekwa baridi, mkanda unapita mbele yako, unaweka kipande cha samaki kwenye kila sanduku, na kofia, barakoa na glavu zimekufunika mpaka hujulikani wewe ni nani. Kima cha chini hapa kilipanda hadi yen 1,077 kwa saa Oktoba 2024, na kuanzia saa nne usiku inaongezwa robo. Mshahara unaingia tarehe yake, haukopwi, haukawii. Lakini wewe ni mwalimu unayeamkiwa na mtaa mzima, na huku utakuwa mkono kwenye mkanda. Lipime hilo kabla, maana wapo wanawake niliowaona likawavunja.

Upweke nao uko wa aina yake. Majirani zetu ni watu wema, wanainamisha kichwa, wanasalimia, wanaendelea na safari. Hakuna anayepiga hodi kuomba chumvi. Mwanangu wa mwisho nilimzaa hapa. Hospitali ilikuwa safi, wauguzi wapole, na tangu 2023 bima hutoa yen 500,000 kwa kila uzazi, kwa hiyo deni halikutusumbua. Nilirudi nyumbani na kichanga, mume wangu yuko maabara mpaka usiku, na hakukuwa na mtu wa kunikanda maji ya moto wala wa kunikorogea uji wa pilipili manga. Arobaini yangu niliimaliza kwa simu na Mama, na kwa tofauti ya saa sita, nikiwa na usingizi yeye ndiyo kwanza anatoka sokoni. Sijawahi kulia vile. Halafu mtoto mwenyewe kuzaliwa hapa hakumfanyi Mjapani: anafuata uraia wetu, na ndani ya siku 30 tulipaswa kumwombea ukaazi uhamiaji.

Sasa nikwambie kwa nini hatujarudi. Ni watoto. Shule ya msingi ya serikali ilimpokea mkubwa wetu bila ada, ingawa sheria ya elimu ya lazima haimbani mtoto wa kigeni. Asubuhi wanatembea kwa kundi, wakubwa wakiongoza wadogo, hakuna mzazi, na moyo wangu umetulia. Mchana wanavaa aproni nyeupe, wanapakuliana chakula wenyewe, kisha wanafagia darasa. Wana mazoezi ya tetemeko, na mwanangu ndiye aliyenifundisha kuingia chini ya meza. Kwa sisi Waislamu kuna kazi ya ziada: ratiba ya chakula inakuja kila mwezi, naipitia mstari kwa mstari kutafuta nyama ya nguruwe, siku hiyo nampa chakula cha nyumbani. Mwalimu alikubali tulipomweleza. Na akiugua, jijini kwetu matibabu ya mtoto hayalipiwi.

Bei ya raha hiyo ni Kiswahili. Mkubwa anaelewa kila kitu na anajibu kwa Kijapani. Bibi yake akimpigia, mimi hukaa katikati kama mkalimani, na hilo linaniuma kuliko baridi ya kiwandani. Tumeweka amri ya Kiswahili mezani. Wakati mwingine inashikwa, wakati mwingine mtoto ananyamaza tu.

Umri ndio utakaoamua. Binti yako wa miaka saba atakiokota Kijapani kabla ya mwaka kwisha, msimhofie. Kaka yake wa miaka kumi na minne ndiye ninayemwogopea. Elimu ya lazima inaishia miaka kumi na mitano, na sekondari ya juu ina mtihani wa kuingia, kwa Kijapani. Aichi imejaa watoto wa Wabrazili waliokuja na wazazi wao viwandani, na wako waliofika na umri huo wakakwama, hawawezi kuandika lugha ya huku wala ya kwao. Angalau maduka yao yametuokoa kwa unga wa mahindi. Ugali upo.

Kwa hiyo jibu langu, hata kama Mama atanuna: mumeo atangulie. Akae mwaka mmoja bwenini, ajue mji, aombe nyumba za shirika la umma zisizodai mdhamini, maana wenye nyumba binafsi wengi wanakwepa wageni. Wewe omba likizo bila malipo kazini, usiandike barua ya kuacha. Kijana amalize kidato cha nne huko, akae kwa Mjomba kama atakubali. Wewe na binti mje Aprili, mwaka wa shule unapoanza, na uwe umeshajifunza hiragana na katakana, zile herufi za mwanzo za Kijapani. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wakala wa serikali wa usajili, na cha ndoa vianze kushughulikiwa sasa, majina yafanane herufi kwa herufi na pasipoti. Na nipigie Jumapili, siku nisiyo na zamu, tuzungumze habari ya kijana kwa kirefu.