Andiko la Ruzuku Kuhusu Chanjo ya Surua

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni muuguzi na mtafiti chipukizi. Andiko langu la kuomba ruzuku, linalohusu watoto wasiorudi kupata dozi ya pili ya chanjo ya surua-rubela, limekataliwa kwa maelezo kwamba swali langu ni pana mno. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, usiliache swali hilo, kwani lina uzito mkubwa: dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18, na katika kipindi hicho kirefu mama wengi wamekwisha kurejea shambani au sokoni. Lipunguze tu. Zitaje zahanati utakazozichunguza, kisha chagua kipimo kimoja kikuu, kwa mfano idadi ya kadi za kliniki zenye tarehe ya dozi ya kwanza ilhali nafasi ya dozi ya pili i tupu. Katika bajeti, eleza kila nauli. Fomu ya ridhaa ya mzazi iandikwe kwa Kiswahili chepesi, nayo iwe tayari kabla hujaomba kibali cha maadili ya utafiti NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zaidi ya yote, nakusihi umwoneshe mganga mkuu wa wilaya andiko hilo kabla ya mfadhili, kwa sababu yeye ndiye atakayeyatumia matokeo yako.