Kilomita 111 ziacheni huku huku nyumbani

Jana jioni nimempita mmoja wenu maabara, skrini inaonyesha upepo wa mita 170 kwa sekunde, naye anatabasamu. Tabasamu lile nalijua, lilikuwa langu. Basi wadogo zangu mnaoanza na data za Vorcore, yale maputo ya kupima upepo juu ya Antaktika, sikieni.

1. Nakili faili ghafi kabla hujaligusa.

2. Data zile ni za kila dakika 15. Msitafute humo myumbo wa puto lenyewe wa dakika kama nne. Mkiuona, mmeona kivuli.

3. Longitudo. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi nimekulia karibu na Kayabwe, kwenye ikweta hapa Uganda, pale watalii wanapopiga picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Kwetu digrii moja ni kilomita 111, uelekee Kenya au Sudan Kusini. Nikaiandika 111 kwenye skripti, pande zote mbili, bila kosaini ya latitudo, ile inayofupisha digrii ya longitudo kadiri unavyokaribia ncha. Kumbe maputo yale 27 yalirushwa kutoka kituo cha McMurdo, Antaktika, mwaka 2005, karibu digrii 78 kusini, ambako digrii moja ya longitudo ni kilomita 23 tu!

Kosa lingekuwa la kiasi kimoja ningelishtukia. Lakini puto huzunguka na vorteksi ya ncha, ule upepo mkubwa unaoizunguka ncha, huku likipanda na kushuka latitudo. Likifika 60 upepo wangu unavimba mara mbili, likirudi 80 karibu mara sita. Kosa lenyewe likawa linapanda na kushuka, laini kabisa, kama wimbi. Nikaliamini. Mawimbi ya kweli ya hewa huwa makali juu ya milima ya Rasi ya Antaktika. Langu lilitokea popote, hata katikati ya bahari, nami nikalisifu kwa hilo! Nikalipa na jina, la bibi yangu. Miezi minne, hadi mtiririko wa momenta, yaani msukumo unaobebwa na wimbi, nimeshakokotoa.

Nikamwita Profesa. Akaja na chapati yake mkononi, akatazama grafu, akauliza: "Binti, ukisimama kwenye ncha yenyewe ukajizungusha digrii zote 360, umetembea kilomita ngapi?" Nikafungua mdomo kusema elfu arobaini. Mdomo ukabaki hivyo hivyo. Akamega chapati, akaondoka.

4. Puto likivuka longitudo 180, namba inaruka kutoka 179.9 hadi -179.9. Hiyo si dhoruba. McMurdo iko 166 mashariki, kwa hiyo mtakutana nayo mapema.

5. Kabla ya kuchuja masafa ya mawimbi, kokotoeni kipindi cha inesha cha mahali puto lilipo, yaani muda ambao hewa inayopindwa na mzunguko wa Dunia pekee hutumia kumaliza duara moja. Nchani ni masaa 12. Hapa Kampala ni zaidi ya siku 80, na mtu alishaniletea kichujio cha Kampala kwa puto la Antaktika. Nilicheka, halafu nikakumbuka bibi yangu.

Yule wa jana nilimwachia kikaratasi chini ya kibodi: "Kosaini." Leo asubuhi nimekikuta mezani kwangu, ameandika chini yake: "Ya pembe ipi, dada?"